Sare ya Jogoo

Wenzangu mnaobaki stoo,

Kaka Mbwana amenicheka. "Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe?" Nimemjibu kwamba mtu hustaafu kazi inapomwisha, hangoji nywele zigeuke. Yangu imeniisha. Kwa miaka kadhaa nimewahoji wanamuziki wazee wa Uingereza, watu wa panki na wa ska, walipopita Guangzhou, China, kupiga kwenye vilabu vidogo, kisha nikawaleta kwa Kiswahili, kipindi baada ya kipindi, kwenye simu za wafanyabiashara wetu. Mshahara siutaji. Ungekuwepo ningeutaja. Vyeo navyo havina habari ndefu: niliingia nikiwa mhoji, natoka nikiwa mhoji.

Nisingeandika kitu kama nisingesikia mnavyoisimulia siku ya jogoo. Mnaisimulia kama kichekesho, na inachekesha kweli. Juzi niliwasikia ngazini mkimwiga Bi Rukia anavyokatika, mimi mwenyewe nikacheka, kisha nikashindwa kuingia ndani. Nikashuka, nikazunguka mtaa mzima wa Dengfeng hadi mlipoondoka. Basi chukueni na upande mwingine wa hadithi hiyo, halafu mcheke mkiweza.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na shahada ya sosholojia na karatasi za maswali. Kaka Mbwana ni mtu wa Mombasa, alikuja China kununua viatu kule soko la Liuhua, na kabla ya viatu alikuwa akifunga spika za harusi. Baba yake, baharia, alimletea nyumbani sahani za santuri za ska, muziki uliozaliwa Jamaika ukahamia Uingereza pamoja na wahamiaji. Kipindi kilikuwa wazo lake na sauti yake. Nilimwambia waziwazi kwamba sioni Mswahili gani atakaa kumsikiliza mzungu mzee mwenye nywele za kijani.

"Na tasnifu yako, Profesa," akaniuliza, "ilisomwa na nani?"

"Msimamizi wangu."

"Yote?"

Nikakunja karatasi zangu za maswali, tukaanza kazi.

Mgeni wa kwanza alikuwa mpiga ngoma wa panki. Nilimwuliza kuhusu uasi, tabaka la wafanyakazi na falme zinazoporomoka. Alijibu ndiyo, hapana, labda, na mara moja alijibu kwa kupiga chafya. Mahojiano mazuri kuliko yote ya siku ile yalifanyika ngazini, wakati namsaidia kushusha ngoma zake, nilipomwuliza tu kama siku zote hubeba mwenyewe. Akasimama kati ya ghorofa na ghorofa akanieleza habari za gari bovu lililolala barabarani, za maafisa wa forodha waliotoboa ngozi ya ngoma wakitafuta magendo, na za mwenye klabu aliyetorokea dirisha la choo na mapato ya mlangoni. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya mkoba, kimezimwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu: washeni mkiwa ngazini.

Tangu hapo niliuliza habari za mizigo. Wasikilizaji wetu hawakuwa na haja na gitaa. Walikuwa na haja na mtu aliyedhulumiwa na kampuni, akalala stesheni, kesho yake akaamka akabeba tena. Mama mmoja wa Nairobi alituma ujumbe wa sauti kutoka soko la nguo la Shahe, nyuma yake mikokoteni ikigongana: "Huyo mzungu ni mwenzetu, bana! Hata yeye amefungiwa mzigo na kastamu!" Nilianza kuiheshimu kazi siku ile, ingawa sikukiri.

Studio mnaijua. Wengine hubandika povu ukutani. Sisi tulikuwa na suruali za watoto. Bi Rukia, mfanyabiashara wa Unguja anayepeleka nguo Kariakoo, alitupa kona ya stoo yake ghorofa ya tatu bila masharti, na marobota yake ya nguo yaliyopangwa hadi darini yalimeza kila mwangwi. Ubaya wake ni kwamba kuta zetu zilikuwa bidhaa. Kontena likiondoka, chumba kililia kama tangi tupu. Sikilizeni vipindi vya zamani vilivyorekodiwa karibu na Ramadhani: sauti zinarudi rudi kwa sababu nguo za Idi zilikuwa zimeshasafiri. Tukajifunza kupanga wageni kwa kufuata meli.

Bi Rukia aliniita mwanangu. Nataka mlikumbuke neno hilo. Mama yangu yuko Tanga, na katika mji huu ambao kila muuzaji huniita laoban, yaani bosi, kwa matumaini kwamba nitanunua, huyu ndiye peke yake aliyenigombeza kwa kutokula. Nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba mwanangu, ushakula?" Hakungoja jibu. Alifunua kibweta cha chapati.

Kuhoji kulinipa jeuri. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu tangu shuleni. Nilimhoji mwalimu wa historia, nilimhoji shehe wa mtaa wetu kuhusu hesabu ya mirathi, niliwahoji wazee waliopiga mbele ya maelfu kama kweli walikuwa na kipaji au walikuwa na bahati ya zamani zao. Wengine walipenda. Mwimbaji mmoja mwenye meno ya bandia aliyatoa ili anijibu vizuri zaidi. Mambo hayo yalinifanya niamini kwamba hakuna mlango ambao swali langu haliwezi kuusukuma.

Kisha akaja Mzee Wilfred.

Alikuwa mpiga tromboni wa ska, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika aliyezaliwa Uingereza, mwembamba, mwenye kofia ndogo na koti jeusi. Mgongoni mwa koti palishonwa jogoo kwa uzi mweupe. Jogoo huyo amevaa viatu, na kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka, inaburuta. Wiki mbili kabla hajafika nilichukua picha ya jogoo huyo, nikaitupia kwenye kundi letu la simu kutangaza mahojiano. Wakenya wakauliza kama ni kampeni ya kile chama chao chenye alama ya jogoo. Bi Rukia aliandika neno moja tu: "Mashallah."

Asubuhi ya mahojiano nilikuta marobota mapya, bado yananuka rangi.

"Ya nani haya?" nilimwuliza Kaka Mbwana.

"Ya Bi Rukia. Ana jambo lake kwa mgeni. Usiulize, utaharibu."

Na mimi, niliyemhoji shehe, sikuuliza. Nilimkalisha Mzee Wilfred juu ya robota mojawapo, nikamfungia maiki kifuani, nikaanza.

Tulikwenda vizuri. Alieleza jinsi bendi yao ilivyogawanyika mara mbili, kila upande ukijiita wenyewe ndio bendi, hadi siku moja wakakutana hotelini wakiwa na jina lile lile mlangoni. Nikamwuliza kuhusu fulana. Wanamuziki wazee wote niliowahi kuwahoji huuza fulana baada ya onyesho. Yeye hakuwa na hata moja.

"Wenzako wanauza," nikamwambia. "Wewe una alama nzuri kuliko wote, huitumii. Ni usafi wa moyo au ni maringo?"

Aliitazama tromboni yake muda mrefu. Nayaweka maneno yake kwa Kiswahili nilivyoyaweka siku zile.

"Jogoo si wa bendi," alisema. "Ni wa Marjorie, mke wangu. Alimchora mezani jikoni, mimi nikiwa naosha vyombo. Nikamwambia umesahau kumfunga kamba. Akasema hajasahau, huyu ana haraka ya kwenda kucheza. Kisha akatushonea makoti, moja moja, kwa mkono. Watu walikuja na pesa wakitaka kumchapisha. Akawaambia, anayemtaka jogoo wangu aje nimpime mabega, nimshonee. Sasa Marjorie hayupo. Hakuna wa kumpima mtu mabega. Basi jogoo ameishia kwetu. Kila kitu kingine wamekigawana, jina, nyimbo, hata kesi. Huyu amebaki mzima."

Nilikuwa bado natafuta swali la kufuatia, kwa kuwa nilikuwa na kawaida ya kutafuta swali la kufuatia, vigelegele vilipopasuka mlangoni.

Waliingia wote. Bi Rukia mbele, nyuma yake akina mama wa Unguja na Dar, vijana wa Mombasa, na Mkongo mmoja muuza simu aliyekuwa akipita akavutwa. Wote walikuwa wamevaa fulana nyeupe, na kwenye kila kifua kulikuwa na jogoo mwenye viatu.

Ninyi mmezaliwa pwani, mnajua sare ni nini. Harusi, maulidi, kumpokea mtu aliyetoka Hija: tunashona sare ili mwenye shughuli akitazama aone kwamba hayuko peke yake. Bi Rukia alikuwa amemwonea huruma mzee wa watu, anayekuja mji wa ugenini hana ndugu. Akaenda Shahe na ile picha yangu. Muuzaji akamwambia "mei you", hakuna, fulana chache hachapishi, anachapisha kwa robota. Akachukua marobota. Chache zingekuwa heshima ya mgeni na zilizobaki zingekwenda Kariakoo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angekosea hivi. Mwizi angemchapisha jogoo kwa siri. Sisi tulimchapisha kwa mapenzi, tukamwingiza mlangoni kwa vigelegele.

Niliona mkono wa Mzee Wilfred ukishika kola ya koti. Nikaona pia, pale robota alilokalia lilipopasuka kidogo pembeni, jicho la jogoo likichungulia kati ya miguu yake. Yeye hakuliona. Alidhani fulana ni zile zilizovaliwa tu.

"Mwanangu," Bi Rukia akaniuliza, bado anatabasamu, "mbona mgeni wetu kanyamaza? Hakupenda?"

Watu wote walinitazama. Kiingereza cha Bi Rukia ni cha bei na vipimo. Kwa haya alinitegemea mimi. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Wilfred aliinuka, akainama mbele ya fulana ya Bi Rukia kwa adabu, mikono nyuma, akamkagua yule jogoo kutoka kilemba hadi viatu. Mchapaji wa Shahe alikuwa amedhani kamba iliyofunguka ni kosa. Akaisahihisha. Viatu vyote viwili vilifungwa vizuri.

"Ah," Mzee Wilfred alisema. "Huyu ni mwingine. Huyu anafunga kamba zake." Akanigeukia, macho mekundu. "Usimwambie kitu. Ana furaha. Mwache."

"Kasemaje?" akauliza Bi Rukia.

"Anasema amefurahi sana," nikajibu.

Mzee akachukua tromboni, akapiga. Bi Rukia, mtu mzima, bibi wa wajukuu watano, akafunga kanga kiunoni akacheza, jogoo akiruka kifuani mwake, akina mama wakimtunza kwa vifijo. Hiyo ndiyo sehemu mnayoiiga ngazini.

Mzee Wilfred alipoondoka kwenda stesheni, alimshika Bi Rukia mkono kwa mikono miwili. Nami nikamwambia ahsante kwa muda wake, kama karani wa benki.

Kazi yetu, kama mjuavyo, haikuishia kwenye kurekodi. Niliandika tafsiri, Kaka Mbwana akaisoma kwa sauti yake ya mzee. Siku mbili baadaye alikaa mbele ya maiki, akasoma hadi pale pa Marjorie na mabega, akavua hedifoni.

"Profesa, haya Bi Rukia kayasikia?"

"Bado."

"Kontena lake linapakiwa kesho."

"Najua."

"Sasa?"

"Mzee mwenyewe alisema nisimwambie."

"Mzee alijua habari ya marobota?"

Nikamwomba aende yeye, ni mkubwa, wanaelewana. Akainua mikono yote miwili. "Mimi simo. Mimi ni sauti tu." Na kwa mara ya kwanza hakutania.

Nilifikiria kuikata ile sehemu. Nawaambia kwa kuwa nanyi mtafikiria hivyo siku moja. Ingekatika vizuri: swali la fulana lingetoka, mzee angeruka kutoka hotelini moja kwa moja kwenye vigelegele, na kipindi kingekuwa cha furaha. Bi Rukia angebaki na heshima yake, mimi ningebaki na chapati zangu. Na jogoo wa Marjorie angetembea Kariakoo nzima kwenye vifua vya watu ambao hakuna aliyewapima mabega.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nikaenda dukani kwa Bi Rukia. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, anaelekeza kwa simu jinsi ya kupanga katoni. Akanionyesha kiti, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaendelea kuongea na simu. Alipomaliza nilimwambia yote, kwa mpangilio, kama ninavyowaambia ninyi. Hakunikatiza. Nilipofika pale mzee aliposema jogoo amebaki mzima, aliweka mkono kifuani, mahali picha ilipokuwa siku ile.

"Alikuwa keshasema haya," akauliza taratibu, "kabla sisi hatujaingia?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Na wewe ulikuwapo, umeyasikia."

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nicheze."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali. Nilikuwa na jibu kuhusu haki ya picha, kuhusu mchapaji, kuhusu kontena, hata kuhusu Mzee Wilfred kuninyamazisha. Kwa hilo sikuwa na kitu. Aliweza kuvumilia hasara ya mzigo, na kosa la kutoomba ruhusa aliweza kuliomba radhi. Lakini nilimwacha mama mtu mzima akatike mbele ya mjane mwanamume, amevaa kazi ya mkono ya marehemu mkewe, na mimi nimesimama kando nimeshika kinasa sauti.

Akachukua simu. Alimwambia mtu wa upakiaji aache marobota ya fulana nyeupe. Mtu huyo alibisha, Bi Rukia akarudia. Kisha akanipa simu yangu mwenyewe, akaniamuru nirekodi.

"Mzee wetu, assalamu alaykum. Mimi Rukia. Nimevaa kitu cha mkeo bila ruhusa yake wala yako. Sikujua. Naomba radhi kwako, na kwake kwa Mungu. Zilizobaki hazitauzwa." Akafikiri. "Na ahsante kwa tarumbeta."

Nikatafsiri, nikatuma. Jibu lilikuja tukiwa bado tumekaa, huko Mzee Wilfred yuko kwenye treni nyingine ya ziara yake, tangazo la stesheni likiingiliana na sauti yake. Nilimtafsiria Bi Rukia neno kwa neno, safari hii bila kukata: "Mwambie aliyecheza naye hakuwa jogoo wa Marjorie. Wa Marjorie hajui kufunga viatu. Mwambie fulana yake asiivue."

Bi Rukia alifunga chupa ya chai.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," akasema. "Huyu tumemvua sisi, kachutama, na bado kanyoosha mkono kutustiri." Akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Kunywa chai, Mwalimu. Inapoa."

Kipindi kilirushwa kizima. Wasikilizaji wakacheka, wakalia, wakatuma sauti nyingi kuliko wakati wowote, na mmoja wenu ndipo alipoamua kujiunga nasi. Sijui kama Bi Rukia alikisikiliza. Fulana yake sijaiona tena, wala sijauliza iko wapi.

Marobota yapo. Kuuza ameapa hauzi, kugawa ni kumtembeza jogoo bure, kuchoma ni israfu. Hivyo ameyarudisha stoo, akayapanga nyuma ya maiki, na kodi ya nafasi yake analipa yeye. Ndiyo sababu siku hizi hampangi wageni kwa kufuata meli. Makontena yanaondoka, Ramadhani inakuja na kupita, na chumba chenu hakilii. Mnasifiwa sauti safi. Mkiwa mmeegemea pale na mgeni wenu anaongea, jueni mmeegemea nini, na mkisikia watu wanapanda ngazi na vigelegele, simamisheni kinasa sauti, tokeni nje, waambieni wenye sare kilichosemwa ndani. Hata kama kitawakata miguu. Hapo ndipo mtu anawahitaji, na maswali yenu ya kufuatia yatangoja.

Jana nilipeleka funguo dukani. Kulikuwa na wateja, akawaacha, akaja hadi kaunta. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Mwalimu," akasema kwa adabu kamili, akapokea funguo kwa mikono miwili.

Kibweta cha chapati kilikuwa pale pale pembeni yake, kimefunikwa. Nikasubiri kidogo, kisha nikaaga.